Pafu Ndani ya Karai

"Shika karai vizuri, Inspekta. Likimwagika, viatu vyako ndivyo vitakavyoloa, si vyangu."

Inspekta Zulmira Trindade alilishika karai kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa maji hadi karibu na ukingo, na ndani ya maji yalilala mapafu ya mbwa aliyejulikana na mji mzima wa Passo das Garças. Daktari Osmar Bittencourt, mpasuaji wa maiti za wanyama, alikuwa amefunga mpira mwembamba kwenye koromeo la mapafu hayo. Mkononi alishika pampu ndogo ya kubinya.

"Umewahi kuziba pancha ya baiskeli?" aliuliza.

"Mimi nilikuwa na farasi, Daktari. Farasi hapati pancha."

"Basi leo utajifunza. Tazama povu. Pafu likiwa na tundu, hata dogo kama la ncha ya sindano, maji yatatuambia."

Alibinya pampu. Mapafu, yaliyokuwa yamenywea kama mfuko mtupu, yalianza kuvimba taratibu. Yaligeuka kutoka rangi ya ini kuwa rangi ya waridi, yakapanda juu ya maji. Zulmira aliinama mpaka pumzi yake ikagusa maji. Hakukuwa na povu.

"Geuza. Upande wa kulia."

Osmar aligeuza. Alilizamisha pafu la kulia kwa viganja, akabinya pampu kwa kiwiko dhidi ya tumbo lake. Maji yalitulia kama maji ya kisima.

"Tena," alisema Zulmira.

"Unataka nilipasue sasa?"

"Nataka uniapie mahakamani. Tena."

Alibinya tena. Hakuna.

Mbwa huyo aliitwa Bagual. Alikuwa mbwa wa polisi, na wakati wa mafuriko aliwafukua watoto wawili wakiwa hai chini ya matope. Ijumaa alilazwa katika hospitali ya wanyama ili akatwe dirisha dogo kwenye mfuko unaouzunguka moyo, maana mfuko huo ulikuwa ukijaa maji na kuubana. Ulikuwa upasuaji wa kamera, wa matundu matatu tu kifuani. Bagual alikufa mezani. Sajini Valmor Quevedo, aliyemlea tangu akiwa mtoto, aliwatoa watu wote chumbani, akambeba mbwa wake nje, akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni. Kisha alimshtaki Daktari Noeli Zanatta, daktari wa usingizi, kwa kuua. Ushahidi wake ulikuwa neno la Daktari Arno Hickmann, mpasuaji mkuu: binti huyo alimchoma mbwa sindano ya kifua bila kuambiwa, akatoboa pafu.

Kwa sheria za nchi yao, anayemuua mbwa kwa ukatili hufungwa. Mwendesha mashtaka alikuwa akingoja neno la Zulmira mchana huo huo. Neno hilo ndilo lingeamua kama Noeli angelala kwao au mahabusu.

"Tundu la sindano lipo kwenye ngozi," alisema Osmar akijikausha mikono. "Lipo kwenye nyama. Kwenye pafu halipo. Ncha iliingia kwenye nafasi ya hewa ikaishia hapo. Aliyechoma alijua anachoma wapi."

"Kwa hiyo Daktari Hickmann amekosea."

"Amekosea au amedanganya. Kukosea ni kazi yetu sisi madaktari. Kutenganisha hayo mawili ni kazi yako."

"Alitokwa damu?"

"Kijiko kimoja. Mfuko wa moyo umekatwa vizuri, safi kabisa. Hickmann ana mkono mzuri, sitamnyima haki yake."

Zulmira alivaa glovu. "Nionyeshe kifua."

Osmar alivuta trei kutoka kwenye jokofu. Ukuta wa kifua cha Bagual ulikuwa juu yake, ndani kukiwa kumeelekea juu. Matundu matatu ya upasuaji yalionekana wazi, kila moja likiwa na upana wa kidole. Zulmira aliingiza kidole chake kidogo katika la kwanza, akakizungusha. Kisha akakizungusha tena, polepole.

"Daktari, weka kidole hapa."

Osmar aliweka. Nyusi zake zilipanda.

"Kuna matuta," alisema Zulmira. "Yanazunguka. Hii ni alama ya skrubu."

"Nilipima upana nikaridhika. Sikutia kidole." Osmar alikuwa tayari kwenye tundu la pili, kisha la tatu. "Yote matatu. Inspekta, hivi ni vibomba vya tumbo!"

"Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye farasi."

"Sikiliza. Kamera haiingii mwilini tupu, hupita ndani ya kibomba. Kwa tumbo tunatumia kibomba kigumu chenye skrubu nje na kifuniko juu, kwa sababu tumbo lazima lijazwe gesi liinuke kama hema. Kwa kifua hatuhitaji. Ukishatoboa tu, hewa ya chumba inaingia yenyewe, pafu linashuka kidogo, unapata nafasi ya kuona. Kibomba cha kifua ni laini, kiko wazi, hakina skrubu wala kifuniko. Hewa inaingia na kutoka itakavyo."

"Na mtu akiweka kibomba chenye kifuniko kifuani?"

Osmar alivua glovu moja, akaitupa kwenye ndoo.

"Sababu ni moja tu. Gesi haikai mahali pasipo na kifuniko."

* * *

Noeli Zanatta alikuwa kwa mama yake, nyuma ya duka la mikate. Nje, minuano, upepo wa baridi wa upande huo, ulikuwa ukipiga mabati. Mama mtu, Bi Assunta, alifungua mlango akiwa na unga mpaka viwikoni.

"Umekuja kumfunga? Mfunge mbele yangu, nione."

"Nimekuja kumuuliza maswali, mama."

"Maswali! Ameulizwa na sajini, ameulizwa na hospitali, ameulizwa na jirani anayenunua mkate mmoja kwa wiki. Kilichobaki ni padri."

"Mama, mwache aingie," ilisema sauti kutoka ndani.

Noeli alikuwa mwembamba, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Alikuwa akikanda donge la unga ambalo lilikwisha kukandika zamani. Zulmira alivuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa.

"Nataka uanzie kwenye ulimi."

"Ulimi wa nani?"

"Wa mbwa. Presha ilipoanguka, ulimi ulikuwa na rangi gani?"

Mikono ya Noeli ilisimama juu ya donge. Ilionekana swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Waridi," alisema. "Ulikuwa mzuri kabisa."

"Una hakika?"

"Mimi nakaa kichwani, Inspekta. Ulimi ndio kitu nilicho nacho karibu. Hewa iliingia vizuri, kifaa cha ulimini kilionyesha hewa ya kutosha kwenye damu. Lakini presha ilishuka mara moja, kama mtu aliyekata kamba ya ndoo. Ulimi ulikuja kubadilika baadaye, moyo ulipokuwa umeshachoka."

"Na mishipa ya shingo?"

"Ilivimba. Minene hivi." Alionyesha kidole gumba chenye unga.

Zulmira aliinamisha kichwa kidogo. Alihesabu kwa sauti, vidole vikigonga goti.

"Mpira wa hewa ukichomoka, ulimi huwa wa bluu kwanza, presha hufuata. Haikuwa hivyo. Damu ikimwagika, mishipa ya shingo hulala. Haikulala. Dawa ya usingizi ikizidi?"

"Presha inashuka, ndiyo, lakini mishipa haivimbi namna ile. Nayo dawa nilikuwa nimeipunguza, kwa sababu ni mgonjwa wa moyo."

"Kwa hiyo damu ilifika mlangoni kwa moyo ikakuta mlango umefungwa."

"Ndivyo nilivyofikiri!" Sauti ya Noeli ilipanda kwa mara ya kwanza. "Kitu kinabana kutoka nje. Maji ya mfuko wa moyo tulikuwa tumeyatoa asubuhi ile, hayakuwa hayo. Nikasema ni hewa, imenaswa kifuani, inausukuma moyo na mishipa yake. Nikamwambia, 'Daktari, fungua kifua! Toa hewa!' Nilisema kwa sauti."

"Akasema nini?"

"'Angalia dawa zako, binti.'"

Bi Assunta, mlangoni, alitema neno la kwao ambalo halikuhitaji tafsiri.

"Ukachukua sindano," alisema Zulmira.

"Nilipitisha mkono chini ya kitambaa, upande wa kulia. Ile sindano nene. Hewa ikatoka, fsss, nikaisikia kwa masikio yangu."

"Ikatoka, halafu?"

"Halafu ikaendelea kutoka."

"Iliisha lini?"

Noeli alimtazama.

"Haikuisha," alisema polepole. "Moyo uliposimama bado ilikuwa inatoka. Nilidhani... nilidhani ni pafu. Ndiyo maana Daktari aliposema nimelitoboa, sikubishana sana. Nilijiambia upepo ule wote utoke wapi, kama si kwenye pafu?"

"Kulikuwa na gesi siku ile?"

"Hapana. Tulikubaliana kabla ya kuanza: hewa ya chumba tu, mgonjwa wa moyo hasukumiwi gesi. Mashine ya gesi iko upande wa miguu, nyuma ya Daktari. Mimi niko kichwani, na kati yetu kuna pazia la kitambaa. Siioni." Alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. "Inspekta, niambie ukweli. Mimi nilimuua?"

"Mapafu ya Bagual yamelala ndani ya karai tangu asubuhi. Hayajatoa povu hata moja. Sindano yako haikuyagusa."

Noeli alijifunika uso kwa aproni. Mama yake alisogea, akamshika bega kwa mkono wa unga, akageuka kwa Zulmira.

"Kama si yeye, basi nani?"

"Vaa koti, Daktari," alisema Zulmira akisimama. "Unakuja nami. Na wewe mama, donge hilo lioke. Likikandwa zaidi ya hapo litageuka tofali."

* * *

Daktari Arno Hickmann alimpokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mgeni wa harusi. Alikuwa mrefu, mwekundu wa mashavu, na ofisi yake ilinukia majani ya chimarrão, ile chai ya kijani chungu ambayo watu wa kusini huinywa kwa kupokezana kibuyu kimoja na mrija mmoja wa chuma.

"Kaa, Inspekta. Baridi hii itatuua kabla ya wahalifu wako."

Alimimina maji ya moto, akampa kibuyu. Zulmira alivuta bila haraka mpaka mrija ulipokoroma, ishara kwamba hakuna kilichobaki ndani. Alikirudisha kimya. Huko, anayerudisha kibuyu akisema asante amemaliza na anaondoka zake. Asiyesema ana maana yuko bado. Hickmann alijaza tena.

"Pole kwa mbwa," alisema Zulmira.

"Pole kwetu sote. Nilikuwa na wageni kutoka mji mkuu, walikuja kuona kazi ya kamera. Walikaa nyuma ya kioo wakitazama picha kwenye skrini. Wakaona aibu ile! Lakini sitaki kumkandamiza msichana. Ni mdogo, aliingiwa na hofu."

"Ulitumia gesi?"

"Kwa mgonjwa wa moyo?" Alicheka. "Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ungemkuta anajua. Hewa ya chumba tu."

"Vibomba vilikuwa vya aina gani?"

"Laini. Vya kifua." Alivuta droo, akatoa kimoja kilichofungwa kwenye plastiki. Kilikuwa cheupe, kinapindika kama sikio la mbuzi. "Kama hiki."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

"Naweza kukichukua?"

"Kichukue, zawadi."

Zulmira alivuta kibuyu cha pili mpaka kikakoroma. Alikirudisha kimya.

"Vyombo vya Ijumaa aliviosha nani?"

"Ivonete, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ndiyo kazi yake." Alijaza cha tatu, na maji kidogo yakamwagikia mezani. "Maswali mengi kwa ajili ya sindano moja, Inspekta."

"Sindano nimeshamaliza nayo," alisema Zulmira, akachukua kibuyu.

Alivuta. Kikakoroma. Alikiweka mezani, akainuka.

"Twende chumba cha upasuaji, Daktari. Sajini Quevedo ametuletea ufunguo."

* * *

Sajini Valmor Quevedo alikuwa amesimama mbele ya mlango kama aliyekuwa hapo tangu Ijumaa. Chini ya kwapa alibana chupa yake ya maji ya moto. Alimwona Noeli nyuma ya Zulmira, taya lake likakakamaa.

"Huyu haingii."

"Anaingia, Sajini."

"Inspekta, mbwa wangu amefia mle ndani mikononi mwa huyu..."

"Mbwa wako amefia mle ndani. Hayo mengine tunakwenda kuyaona. Fungua."

Valmor alifungua. Chumba kilikuwa baridi, na kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa. Meza ilikuwa tupu, kitambaa cha kijani kimekunjamana sakafuni. Osmar aliingia na trei yake iliyofunikwa. Ivonete, muuguzi, mama wa makamo mwenye kofia ya maua, alisimama karibu na sinki akiwa amefumbata mikono. Hickmann aliingia mwisho.

"Sajini," alisema Zulmira, "mlango huu umefunguliwa na mtu tangu Ijumaa?"

"Ufunguo nimelala nao."

"Vizuri. Daktari Osmar, funua."

Osmar alifunua trei. Valmor aligeuza uso ukutani.

"Daktari Hickmann, tafadhali. Kibomba ulichonipa ni hiki. Kiingize kwenye tundu lolote, kisha unionyeshe hizi alama za skrubu zimetoka wapi."

Hickmann hakukichukua. "Nyama ya maiti hujikunja. Mpasuaji mwenzangu anajua."

"Hujikunja," alisema Osmar. "Lakini haijikunji kwa mzunguko, Arno, na kwa nafasi zilizo sawa, na mara tatu."

"Bi Ivonete," alisema Zulmira. "Ijumaa uliandaa vibomba gani?"

"Laini, Inspekta. Viko pale, havijafunguliwa." Alionyesha kwa kidevu. Kwenye trei ya chuma kando ya meza, vibomba vitatu vyeupe vilikuwa bado ndani ya plastiki.

"Havijafunguliwa," alirudia Zulmira. "Basi mbwa alitobolewa kwa vibomba gani?"

"Daktari aliomba vya tumbo. Nikampa vya tumbo."

"Viko wapi?"

"Aliviosha mwenyewe." Ivonete alimtazama Hickmann kwa mara ya kwanza. "Mbwa amekufa, Sajini analia kwa kelele, watu wanatolewa nje, na Daktari yuko kwenye sinki anaosha vyombo. Tangu nimfahamu, huyu hajawahi kuosha hata kikombe chake. Akavitia mfukoni, akatoka."

"Mbona hukusema, mama?" Valmor aligeuka kutoka ukutani.

"Uliniuliza? Ulimuuliza Daktari, Daktari akakujibu, ukaandika. Mimi nina watoto wawili na mkubwa wangu wa kazi ni yeye."

"Inspekta," alisema Hickmann, na sauti yake bado ilikuwa ya mwenye nyumba, "kibomba ni kibomba. Chenye kifuniko ukiacha kifuniko wazi, kinakuwa sawa na laini. Vile vigumu nimevizoea, mkono wangu unavijua, basi. Hilo si kosa la jinai."

"Si kosa," alikubali Zulmira. "Ila kibomba kinaingia mfukoni. Hii haiingii."

Alitembea hadi upande wa miguu wa meza. Kulikuwa na mashine iliyofunikwa kitambaa, mpira wake ukining'inia, na nyuma yake mtungi wa gesi. Aliondoa kitambaa. Mbele ya mashine kulikuwa na kifundo cha kuzungusha chenye namba za presha ya gesi.

"Bi Ivonete, soma namba. Usiguse."

Ivonete aliinama. "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni ya nini?"

"Ya tumbo. Alhamisi tulikuwa na ile siku ya kufunga kizazi mbwa majike bure, mpaka jioni. Tumbo huwa kumi na mbili."

"Na kifua, mtu akitia gesi?"

"Tatu," alisema Noeli. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza. "Na hata tatu ni nyingi kwa moyo mgonjwa. Kumi na mbili..."

"Endelea, Daktari."

"Kumi na mbili kifuani ni kama kuukalia moyo. Mishipa inayoleta damu ni laini, inabanwa kwanza. Mapafu unaweza kuyasukumia hewa kwa mashine, ulimi ukabaki waridi, lakini moyo hauna cha kupiga." Aligeukia mashine. "Na hii ikiona presha imepungua, inajaza yenyewe. Ndiyo kazi yake. Mimi natoa kwa sindano, yenyewe inajaza."

"Ndiyo maana upepo haukuisha," alisema Zulmira.

"Ndiyo maana haukuisha."

"Bi Ivonete, kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi, kwa nini hakuna aliyekirudisha kifundo?"

Ivonete alishangaa kidogo, kama aliyeulizwa kwa nini watu huvua kofia kanisani.

"Kifundo hicho hakiguswi, Inspekta. Profesa mzee aliyetuletea mashine alitufundisha hivyo. Alisema hiki ni kama mrija kwenye kibuyu: aliyeutia ndiye anayeugusa, wengine wanakunywa tu. Daktari anayepasua anaweka namba yake mwenyewe kabla ya kunawa. Akishavaa glovu safi hawezi tena kugusa mashine, sisi tunafungua tu mtungi akisema fungua."

"Na Ijumaa alisema?"

"Kwa kichwa tu, bila sauti. Nikafungua. Wageni walikuwa nyuma ya kioo, wanalalamika picha haionekani."

Wote walimgeukia Hickmann. Hakuwa akiwatazama. Alikuwa amesogea mpaka kwenye mashine, ameinama, uso wake ukiwa karibu na kifundo. Wekundu ulikuwa umemtoka mashavuni.

"Kumi na mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Haiwezekani. Mimi nilidhani ni tatu."

Osmar alikohoa.

"Ulidhani nini ni tatu, Daktari?" aliuliza Zulmira. "Hewa ya chumba haina namba."

Hickmann aliachana na mashine. Aliutazama mlango, akamwona Valmor amesimama mbele yake.

"Pafu lilikuwa linaniziba," alisema hatimaye. "Linapanda, linashuka, mbele ya kamera. Nilihitaji dakika chache za picha safi. Kwa tatu angevumilia, nimeshafanya kwa mbwa wengine kwa tatu! Presha ilipoanguka nilidhani ni moyo wake, ni ugonjwa. Niliwaapia wageni na hospitali kwamba situmii gesi. Ningesema nini?"

"Ungesema gesi," alisema Noeli. "Nilikupigia kelele ufungue. Ungefungua tu kifuniko, Daktari. Kifuniko kimoja."

Hickmann aliinamia mashine tena.

"Kusahau namba ni jambo utakalojibu kwa madaktari wenzako," alisema Zulmira. "Lakini uliosha vibomba, ukavificha, na ukaweka jina la mtu mwingine kwenye shtaka la kuua. Hilo utajibu kwangu. Vibomba viko wapi?"

"Kwenye gari."

"Daktari Osmar, mfuate, ushuhudie vinapotolewa. Askari wangu yuko langoni, ataongozana nanyi mpaka kituoni."

Walitoka. Ivonete alichukua kitambaa cha kijani kutoka sakafuni, akakikunja, ingawa hakuna aliyemwambia. Zulmira alitoa simu, akampigia mwendesha mashtaka. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Trindade hapa. Futa jina la Zanatta. Ndiyo. Lote. Nitakuletea jingine kabla hujala."

* * *

Uani jua lilikuwa limetoka, jua la baridi lisilopasha kitu. Valmor aliketi kwenye benchi la mawe ambapo Bagual alifungwa kila alipoletwa kutibiwa, mnyororo wake ukiwa bado kwenye pete. Alikuwa amekwisha kutia majani kwenye kibuyu. Noeli alipita mbele yake akielekea langoni.

"Daktari."

Alisimama.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema Valmor.

"Juzi ulikuwa nayo. Uliniita muuaji mlangoni kwetu, mama yangu akisikia. Wateja wakisikia."

"Nilikuita."

Valmor alimimina maji, akanywa cha kwanza mwenyewe, kile kichungu ambacho anayetengeneza hana haki ya kumpa mgeni. Alikinywa mpaka kikakoroma. Kisha alijaza cha pili, akafuta mdomo wa mrija kwa kidole gumba, akanyoosha mkono. Mkono ulikaa hewani.

"Alikuwa na maumivu?" aliuliza, macho yake yakiwa kwenye pete ya mnyororo.

"Hapana. Alikuwa amelala kabisa. Hilo ndilo nililokuwa nikiliangalia mimi, na hilo halikuharibika."

Sajini aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Zulmira, aliyesimama kizingitini akifunga koti, alimwona Noeli akiketi kwenye ncha nyingine ya benchi. Binti alichukua kibuyu, akavuta polepole mpaka mrija ukakoroma.

Alikirudisha bila kusema asante.